Tumemkamata Mwendeshaji, Tumekisahau Chombo

Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mifano ya upatanisho wa kisarufi hana haja ya kufungua kitabu. Na asimame dakika kumi tu kando ya barabara kuu mjini Busia, hatua chache kabla ya lango la forodha. Atamsikia mama mwenye gunia la maharagwe akilalamika, "Bodaboda imeharibika." Punde si punde atamsikia kijana akimpasha mwenziwe habari, "Bodaboda amekamatwa." Neno ni lile lile, lakini sentensi ya kwanza imeliweka katika ngeli ya I-ZI, pamoja na baiskeli na meza, ilhali ya pili imelitia katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtu na mwalimu. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi ikaamua hivyo. Wasemaji wenyewe waliona kwamba kipo chombo na yupo mtu, wakavitenganisha kwa viambishi bila kusumbuka kubuni neno la pili.

Nimeanza na sarufi kwa sababu ninaamini kwamba mjadala wetu wa kitaifa juu ya usafiri huu umeishikilia sentensi moja na kuitupa nyingine. Mwezi Machi 2022, baada ya kundi la waendeshaji kumshambulia dereva mwanamke katika Barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, nchi nzima ilishikwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako. Mwaka 2023 Seneta wa Kakamega, Boni Khalwale, akawasilisha mswada wa kudhibiti usafiri wa pikipiki, wenye kutaka waendeshaji wasajiliwe, wapewe mafunzo na wasimamiwe katika ngazi ya kaunti. Waendeshaji wengi waliupinga. Katika kelele zote zile, za walioshambulia na za waliotetea, nilimsikia bodaboda wa ngeli ya A-WA akitajwa asubuhi na jioni: amefanya hivi, anatakiwa afanye vile, ana kura ngapi. Bodaboda ya ngeli ya I-ZI, yaani kile chombo chenyewe kinachobeba mama, gunia, kreti za mayai na watoto watatu wa shule, haikupata wakili wala mshtaki.

Pengine msomaji atauliza: chombo kina nini cha kujadiliwa? Si ni pikipiki tu, imetoka India, ina namba ya usajili na stakabadhi zake? La, hasha. Chombo kinachotembea Busia na Malaba hakitoki India kikiwa kamili. Kinafika nusu, na nusu iliyobaki hutengenezwa hapa hapa, chini ya paa la mabati, na fundi ambaye sheria haimjui. Ili tuelewe jambo hilo yatubidi turudi nyuma kidogo, kwa maana desturi ya kukimalizia chombo nyumbani ni ya zamani kuliko pikipiki.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1902 eneo lote la magharibi ya Kenya ya leo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ambayo mashariki yake ilienea hadi Bonde la Ufa. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuambatisha na himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukahamishiwa magharibi, ukapita katikati ya Wateso na katikati ya Wasamia. Ndugu akalala Kenya na nduguye Uganda bila yeyote kati yao kuhama nyumba. Lugha yetu ina kitenzi kizuri kwa hali hiyo: kupakana. Mwisho wake ni ile -ana ya kutendana, kama katika kupendana na kugombana. Mtu hawezi kupakana peke yake. Waliochora ramani walidhani wametenga. Wenyeji waliendelea kutendana.

Baada ya uhuru, mataifa mawili yalipoimarisha vituo vyao vya forodha, palitokea tatizo ambalo wahandisi wa barabara hawakulitazamia. Kituo cha Kenya kilikuwa upande huu na cha Uganda upande ule, na kati yao palikuwa na mwendo ambao msafiri aliyeshuka kwenye basi na mizigo yake alilazimika kuutembea juani. Gari halikuweza kuvuka bila karatasi nyingi. Baiskeli iliweza. Hivyo ndivyo ilivyozuka, katika miaka ya 1960, kazi ya vijana wa Busia ya kuwabeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Wakimnadia msafiri huduma yao, walilichukua neno la Kiingereza la mpaka, wakalitamka kwa ulimi wa kwetu, wakalirudia mara mbili: boda, boda. Uradidi ni ufundi wa kale wa Kiswahili. Tunasema polepole, sawasawa, mbalimbali, na hata pikipiki, ambayo ni mwigo wa mlio wa mashine. Neno la mgeni likapewa vazi la mwenyeji, likasahau kwao.

Miaka ya 1970 iliikomaza biashara hiyo. Uchumi wa Uganda ulipoporomoka chini ya Idi Amin, kila kitu kilitafuta njia ya kuvuka: sabuni, chumvi, sukari, na zaidi ya yote kahawa, iliyopanda bei duniani mwaka 1976 na 1977 na kuligeuza soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba, kuwa gumzo la nchi nzima. Neno la Kiswahili magendo likaingia Uganda na kuwa jina la uchumi mzima wa nchi hiyo, si la kosa la mtu mmoja. Sisemi haya ili kuyasifu magendo. Nasema kwamba baiskeli ya mpakani haikubuniwa na mtu aliyekaa akawaza starehe ya abiria. Ilibuniwa na haja, na kila haja ilipobadilika, chombo nacho kilibadilishwa.

Kilibadilishwa vipi? Wale waliosoma shule za huku katika miaka ya 1980 wanaikumbuka ile baiskeli nzito nyeusi iliyopewa jina la nyoka, Black Mamba. Kiwandani ilitoka na keria nyembamba ya kutosha kubeba mfuko wa posho. Fundi wa Busia aliiondoa keria hiyo au akaitia nguvu kwa vyuma, akaweka juu yake ubao, juu ya ubao sifongo, juu ya sifongo ngozi ya plastiki yenye rangi kali na mara nyingi yenye vishada pembeni. Chini akaongeza vyuma viwili vya abiria kukanyagia. Chini ya tandiko la mwendeshaji akaweka kishikio, ili abiria, hasa mwanamke anayeketi upande, apate pa kushika bila kumkumbatia mtu asiyemjua. Kishikio hicho ni kitu kidogo, lakini nakiheshimu. Aliyekitengeneza alikuwa amefikiria uzito, mwendo na adabu kwa wakati mmoja.

Kipo chombo kingine cha Busia ambacho hakitajwi sana na waandishi wa habari, nacho kinastahili aya zaidi ya moja. Ni baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao waliougua polio utotoni, waliitumia kuvusha bidhaa mpakani tangu miaka ya 1970. Watafiti Herbert Muyinda na Susan Reynolds Whyte waliandika juu ya watu hao mwaka 2007. Kwa desturi isiyoandikwa popote, maofisa wa forodha waliwaruhusu wapite na mizigo yao bila kuwatoza, au kwa kuwatoza kidogo. Wengine wataiita huruma. Wengine wataiita fidia ambayo serikali mbili zilishindwa kuitoa kwa njia nyingine. Vyovyote vile, matokeo yake yalionekana kwa macho. Mtu ambaye katika kijiji chake alihesabiwa kuwa mzigo wa jamaa alifika Busia akawa yeye ndiye mbeba mizigo. Alijenga nyumba, akaoa, akasomesha.

Chombo chake kilitengenezwa, au angalau kilikarabatiwa na kupanuliwa, na mafundi wa mjini. Nyuma ya kiti palijengwa jukwaa la vyuma la kuwekea bidhaa, na mzigo ulipozidi nguvu za mikono aliajiriwa kijana wa kusukuma. Hebu tafakari mpangilio huo: mwenye miguu anaajiriwa na asiyeweza kutembea. Sidhani kama pana mhadhara wa chuo kikuu kuhusu maana ya neno ulemavu unaoweza kushinda picha hiyo.

Lakini biashara hiyo ilisimama juu ya tofauti ya ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ulianza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Viwango vya ushuru vilipokaribiana, faida ya kuvusha kwa baiskeli ya magurudumu matatu ilipungua. Kisha Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Ila kila hatua ya kuusogeza mpaka mmoja karibu na mwingine inaula ule mwendo wa katikati uliolizaa neno bodaboda na kuwalisha watu wa magurudumu matatu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia maeneo yote na usafiri wa umma. Watu wa Busia waliifikia haki hiyo kwa vyuma vya kuchomelea miaka mingi kabla haijaandikwa.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo, zile ambazo ukubwa wa injini yake haufiki sentimita mchemraba 250. Bei ikashuka, na Boxer na TVS kutoka India zikajaa katika kila njia panda. Kampala walikuwa wametangulia. Huko jina bodaboda lilikwisha hamia kwenye pikipiki tangu miaka ya 1990. Kwetu Busia, baiskeli haikufa siku moja, lakini vijana waliiacha mmoja baada ya mwingine, wakachukua mikopo, wakapanda mashine. Jina halikubadilika. Tena likasafiri: leo Mtanzania wa Mwanza au Dar es Salaam anasema bodaboda akiwa mbali kabisa na mpaka wowote, kama vile anavyosema bajaji kwa chombo cha magurudumu matatu, akiwa hajui wala hajali kwamba hilo ni jina la kampuni.

Pikipiki ile inapofika imeundwa kwa watu wawili, mwendeshaji na abiria wake, na kwa mzigo mdogo. Yeyote aliyewahi kuamka mapema Malaba anajua kwamba hiyo si kazi inayoisubiri. Malori yanayoelekea Kampala, Kigali na Juba hupanga foleni, na foleni hiyo inaweza kuwa ndefu mno. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ilienda kilomita nyingi huku madereva wakingoja matokeo ya vipimo. Dereva wa lori hawezi kuliacha lori lake, kwa hiyo chakula, maji, karatasi na utingo hupelekwa na kurudishwa kwa bodaboda. Kutoka Malaba hadi Busia, mwendo wa kilomita 30 hivi, husafiri ndizi, samaki, mikate, mitungi ya gesi, mbao, hata jeneza.

Kwa hiyo mnunuzi, kabla hajaipeleka pikipiki yake stendi, huipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Kazi ya fundi nimeitazama mara nyingi, maana mashine ya kuchomelea humvuta mtazamaji kama moto wa jioni. Kwanza huja kinga ya mbele, chuma kilichokunjwa kuzunguka injini, ili pikipiki ikianguka mguu wa mwendeshaji usisagwe. Halafu keria ya nyuma. Ile ya kiwandani huondolewa, na mahali pake huwekwa fremu ya mabomba ya chuma au nondo, pana kuliko tandiko na ndefu kuipita ekseli ya gurudumu la nyuma. Tandiko lenyewe huvuliwa, hurefushwa kwa sifongo na kushonewa ngozi mpya. Vyuma vya kukanyagia huongezwa jozi ya pili. Wengine huweka mwamvuli mrefu unaomfunika mwendeshaji na abiria, na matairi hufungwa vipande vya mpira vya kuzuia matope, vimeandikwa methali, jina la mtoto au timu ya Uingereza.

Hapa ndipo nisipotaka kuwa shabiki. Baadhi ya mabadiliko hayo ni busara tupu. Kinga ya injini imeokoa miguu mingi. Mengine ni hatari, nayo yanaeleweka hata kwa mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha pili anayejua habari za nyenzo na egemeo. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli ya nyuma, uzito wake unagawanywa kati ya magurudumu mawili. Ukikaa nyuma ya ekseli, ekseli hugeuka kuwa egemeo, na gurudumu la mbele hupungua uzito. Usukani huwa mwepesi, breki ya mbele hukosa nguvu, na mlimani pikipiki hutaka kusimama kama farasi aliyeshtuka. Isitoshe, chuma kikiunguzwa na moto wa kuchomelea karibu na kiungo cha fremu, pale palipounguzwa hupoteza sehemu ya uimara wake. Ufa unaweza kukaa miezi bila kuonekana chini ya rangi. Siku ukifunguka, mwendeshaji atalaumiwa kwa mwendo wa kasi.

Haya yote fundi mwenye uzoefu anayajua kwa mkono, hata kama hana msamiati wa kuyaeleza. Nimewasikia wakibishana kwa mchanganyiko wa Kiswahili, Kiteso, Kiluhya na Kiganda kuhusu upana wa vidole vinne au vitano. Kinachokosekana ni kipimo kimoja kinachowafunga wote. Fundi mwaminifu anayekataa kurefusha keria kupita kiasi humpoteza mteja, naye mteja huvuka barabara akafanyiwa kazi hiyo na jirani mwenye njaa.

Na sheria inasema nini? Sheria ya Trafiki na kanuni za mwaka 2015 za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zinamtaka mwendeshaji avae helmeti na koti linaloakisi mwanga, ampe abiria vifaa kama hivyo, na abebe abiria mmoja tu. Ni masharti mazuri, nami sikubaliani na wanaosema kwamba maskini wana haki ya kufa bila helmeti. Lakini tazama masharti hayo yanamsemesha nani. Yanamsemesha mtu aliye barabarani. Askari anamsimamisha, anahesabu vichwa, anauliza leseni, na kama ujuavyo, mazungumzo hayo si lazima yaishie mahakamani. Tandiko lililorefushwa kwa ajili ya watu wanne limeshonwa mchana kweupe, mbele ya ofisi za umma, likalipiwa na kupewa risiti. Jioni mwendeshaji akipakia watu wanne juu yake ndipo tunapogundua kosa. Ni kama kuruhusu kikombe cha lita mbili kiuzwe sokoni, kisha kumkamata mnywaji.

Mwalimu anayesoma makala haya ana ushahidi wake mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye lango la shule yoyote ya msingi karibu na mpaka, pikipiki moja huteremsha watoto wanne: mmoja ameketi mbele juu ya tangi la mafuta, watatu nyuma wamebanana kama mikate, na wa mwisho ameketi juu ya zile nondo, nyuma ya ekseli. Wazazi wamelipa kwa mwezi. Mwalimu mkuu anaona na kunyamaza, kwa sababu akipiga marufuku, wawili kati ya wanne hawatakuja shule. Aliyeketi juu ya nondo ndiye mdogo kuliko wote, maana ndiye asiye na nguvu ya kugombea nafasi. Taarifa za ajali nchini zimekuwa zikiwataja waendeshaji pikipiki na abiria wao miongoni mwa makundi yanayopoteza watu wengi zaidi barabarani. Nikiona picha ya ajali gazetini mimi hutazama kwanza nyuma ya pikipiki, kwenye keria.

Je, tufanyeje? Najua kwamba mhadhiri wa isimu akianza kutoa mapendekezo ya uhandisi huchekwa, na labda ni haki achekwe. Lakini vyombo vya kutumia vipo tayari, wala havihitaji mswada mrefu. Nchi hii ina Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo kwa miaka mingi imewatahini mafundi wa jua kali na kuwapa vyeti vya daraja, hata wale ambao hawakukanyaga chuo. Ina Shirika la Viwango, linaloweka vipimo vya kila kitu kuanzia unga wa mahindi hadi mabati. Haishindikani kwa taasisi hizo mbili kuketi na mafundi ishirini wa Busia na Malaba, wakapima, wakakubaliana juu ya keria: upana kiasi gani, urefu kiasi gani nyuma ya ekseli, ichomelewe wapi na isiguswe wapi. Kila fundi apewe kielelezo cha chuma cha kupimia na alama yake ya kugonga kwenye kazi yake, kama mafundi wa dhahabu wanavyofanya. Askari badala ya kuhesabu vichwa peke yake ataitafuta alama.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni njia nyingine ya kumkamua fundi kwa kodi na leseni. Hofu hiyo ina msingi; tumeona ushuru wa kaunti unavyozaliana. Wapo pia watakaosema kwamba bora tungoje pikipiki za umeme, ambazo serikali ilianza kuzihimiza kwa mpango maalumu uliozinduliwa Mombasa Septemba 2023. Zije. Zitakapofika Malaba, siku ya kwanza zitapelekwa kwa fundi wa kuchomelea, na safari hii chini ya tandiko patakuwa na betri.

Ukivuka Uganda na kwenda mbele hadi mashariki ya Kongo, utakuta chombo kiitwacho chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Goma huichonga wenyewe na kubebea viazi, makaa na kuni. Imetengenezwa nyumbani kuanzia gurudumu hadi usukani, nayo ni hatari mteremkoni pengine kuliko chombo chochote nilichokitaja. Mjini Goma wameijengea sanamu. Sipendekezi sanamu Busia. Ninachokiona ni kwamba watu wa Goma wamekikubali chombo chao kuwa ni kitu, chenye umbo, chenye waundaji na chenye jina. Sisi tumelipa neno letu nchi zote jirani, lakini wabunge wetu wakilitamka humaanisha umati wa vijana tu, wa kuogopwa au wa kubembelezwa, kutegemea umbali wa uchaguzi.

Limebaki jambo moja la fani yangu. Ibara ya 7 ya Katiba inasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Katiba yenyewe ina nakala ya Kiswahili. Kanuni za mwaka 2015, zinazomhusu kijana aliyeacha shule darasa la nane akanunua pikipiki, ziliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mwendeshaji huzijua kwa kusimuliwa na mwenziwe aliyekamatwa. Fundi hazijui kabisa, kwa kuwa hajawahi kukamatwa. Sheria ya aina hiyo hufundishwa kwa njia ya adhabu tu, nasi tulio walimu tunajua mwanafunzi anayefundishwa hivyo hushika nini: hushika jinsi ya kumkwepa mwalimu.

Hivi karibuni nilisimama Malaba kwenye banda la fundi mmoja, si mbali na reli. Alikuwa akitia keria kwenye pikipiki mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya nailoni juu ya tangi. Mwenyewe, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa amepata kazi ya kusambaza mikate, na alikuwa ameyaleta makreti matupu ili yapimwe. Nikamweleza fundi kwamba ziko kanuni za pikipiki, tena ni za tangu 2015. Akainua kinga ya macho, akaniuliza zimeandikwa kwa lugha gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa upole, akachukua kipande cha chaki, akayaweka makreti mawili juu ya tandiko, moja mbele ya jingine, na pale kreti la pili lilipoishia, kiganja kizima nyuma ya ekseli, akachora mstari.